Pua Mpya, Pumzi Ileile: Namna ya Kulinda Upumuaji Kabla na Baada ya Upasuaji wa Kurekebisha Pua

Mtu akitolewa plasta ya puani, wa kwanza kuulizwa ni kioo. Pumzi huulizwa baadaye sana, uvimbe ukiwa umeshuka na picha zimependeza, ila usiku mdomo unabaki wazi na asubuhi koo limekauka. Matatizo mengi ya aina hii huzaliwa, au hukingwa, kabla ya siku ya upasuaji. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyuma kidogo.

Kwanza maumbile, maana bila hayo maswali utakayomuuliza daktari hayatakuwa na mashiko. Karibu nusu ya ukinzani wote unaoikabili hewa ikielekea mapafuni uko puani. Mahali pembamba kuliko pote ni vali ya ndani, yaani pembe inayofanywa na ukuta wa kati wa pua na gegedu la juu la pembeni, chini kidogo ya mfupa. Kwa mwenye pua nyembamba pembe hiyo ni ya nyuzi 10 hadi 15 tu. Kwa mwenye pua pana huwa kubwa zaidi. Vali ya nje ni tundu lenyewe pamoja na bawa lake, ile sehemu laini inayotanuka ukivuta hewa kwa nguvu.

Ukipunguza kipenyo cha mrija kwa asilimia 10, ukinzani wa hewa inayopita ndani yake taratibu hupanda kwa takriban asilimia 50. Ukikipunguza nusu, unapanda mara 16. Pua haikunyooka kama mrija, kwa hiyo hesabu haiingii barabara, lakini inaonyesha kwa nini milimita moja isiyoonekana kwenye picha inaweza kuhisiwa usiku kucha.

Hatua ya 1: Pima pumzi yako kabla ya kisu kugusa

Hapa ndipo watu wengi huruka, na ndipo mimi ningekaa muda mrefu. Usipojua ulikuwa ukipumuaje kabla, baadaye utabishana na daktari kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya pumzi ni dhaifu mno.

Kuna dodoso fupi liitwalo NOSE, lililochapishwa mwaka 2004, ambalo madaktari wa masikio, pua na koo hulitumia sana. Lina maswali 5 kuhusu mwezi uliopita: pua kujaa, pua kuziba, shida ya kupumua kwa pua, shida ya kulala, na kushindwa kupata hewa ya kutosha kwa pua unapofanya mazoezi au kazi nzito. Kila swali linapewa alama kutoka 0 (si tatizo) hadi 4 (tatizo kubwa mno). Jumlisha, kisha zidisha kwa 5. Aliyejibu 2, 1, 2, 3 na 1 amepata 9, yaani 45 kati ya 100. Alama 5 hadi 25 huhesabiwa kuwa tatizo dogo, 30 hadi 50 la wastani, 55 hadi 75 kubwa, na kuanzia 80 ni kubwa kupindukia. Andika alama yako na tarehe.

Kisha shika simu, iweke chini ya kidevu ikitazama juu, ujirekodi video ukivuta hewa kwa pua: mara chache taratibu, mara chache kwa nguvu. Angalia kama bawa la upande mmoja linaingia ndani. Ukiliona likinyonywa hata kwa pumzi ya kawaida, mwonyeshe daktari video hiyo kabla hamjaanza kuzungumzia sura. Pua ambayo kuta zake tayari ni dhaifu ndiyo inayozidiwa gegedu likipunguzwa.

Muulize pia unayelala naye chumba kimoja kama unakoroma, na kama pumzi yako huwa inakatika kisha unashtuka. Ikiwa ndivyo, daktari wa ganzi lazima ajue, maana kukatika kwa pumzi usingizini huongeza hatari wakati wa upasuaji na hasa usiku unaofuata, pua ikiwa imeziba. Kama una mzio unaokufanya upige chafya na kuwashwa, tibiwa kwanza. Upasuaji hauondoi mzio, na ukienda ukiwa umevimba ndani hutajua baadaye lawama ni ya kisu au ya vumbi.

Hatua ya 2: Muulize daktari ataacha nini, si ataondoa nini tu

Kwa miongo mingi upasuaji huu ulikuwa kazi ya kupunguza: nundu ikatwe, ncha ichongwe, mfupa usogezwe ndani. Siku hizi madaktari wengi wanafikiri kwa namna ya kuhifadhi na kuimarisha, lakini si wote, na si kwa kila mgonjwa. Maswali yafuatayo yatakuonyesha upesi uko na daktari wa aina gani.

Nundu ikiondolewa, paa la theluthi ya kati ya pua litafungwaje? Kukata nundu mara nyingi hutenganisha magegedu ya juu na ukuta wa kati. Yasiporudishwa vizuri huanguka ndani, vali ya ndani inabanwa, na miezi kadhaa baadaye kivuli chenye umbo la V iliyopinduliwa hutokea katikati ya pua. Mwaka 1984 daktari Mmarekani Jack Sheen alieleza njia ya kupachika vipande vyembamba vya gegedu, kama vijiti bapa, kati ya ukuta na magegedu hayo ili pembe ibaki wazi. Njia hiyo ingali inatumika, na wengine hukunja gegedu la mgonjwa mwenyewe ndani badala ya kulikata. Jibu lolote kati ya haya linaridhisha. "Itajifunga yenyewe" haliridhishi.

Ukuta wa kati utabakishwa kiasi gani? Gegedu la ukuta huo hutumika kunyooshea njia, na pia ndilo linalokatwa vipande vya kupandikiza kwingine. Ila ukingo wake wa juu na wa mbele, wenye umbo la herufi L, ndio unaobeba pua nzima. Kawaida huachwa upana wa milimita 10 hadi 15. Ukiachwa mwembamba zaidi, mgongo wa pua unaweza kuzama.

Ncha itapunguzwaje? Gegedu la chini, lile linaloshika bawa, likipunguzwa mno, bawa hulegea na kunyonywa ndani kila unapovuta hewa. Wengi huacha upana wa milimita 6 hadi 8 na zaidi, na hupendelea kushona ili kubadili umbo kuliko kukata.

Matundu yatapunguzwa? Kwa watu wenye pua pana hili ndilo ombi la kawaida, na ndilo ninalokushauri ulifikirie mara mbili. Ngozi ikishaondolewa kwenye msingi wa bawa, kuirudisha ni kazi ngumu kuliko zote, na kovu linalozunguka tundu linaweza kuendelea kujikaza. Tundu lililobana haliponi kwa dawa. Daktari mwangalifu huiacha hatua hii mwisho, baada ya kuona ncha ilivyokaa, naye hukata kidogo. Wengine huiahirisha kabisa hadi uvimbe uishe, na huo si uzembe.

Mwisho, nyama za pembeni. Ndani ya kila tundu kuna mikunjo ya nyama inayopasha hewa joto na kuitia unyevu. Mkunjo wa chini ukiwa mkubwa unaweza kupunguzwa, na mara nyingi husaidia. Kuuondoa wote ni jambo jingine: njia inakuwa pana kabisa, daktari akichungulia anaona pua iliyo wazi, lakini mgonjwa anahisi hapati hewa, pua imekauka na inachoma. Hali hiyo hujulikana kama pua tupu, na haina tiba rahisi. Hisia ya hewa kupita hutokana na utando wa ndani kupozwa. Nyama hizo zikishaondoka, sehemu kubwa ya hisia hiyo huondoka nazo.

Uliza pia kama atakuchungulia kwa kamera ndogo ya puani kabla ya kupanga. Ukipangiwa upasuaji kwa kuangaliwa uso tu na kuonyeshwa picha ya kompyuta, tafuta maoni ya pili.

Hatua ya 3: Andaa mwili

Acha sigara, shisha na nikotini ya aina yoyote, angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi na gegedu lililopandikizwa huishi kwa mishipa hiyo. Mtajie daktari kila unachomeza, zikiwemo dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, virutubisho vya vitunguu saumu na dawa za mitishamba, maana nyingi huongeza kutoka damu. Usiache aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo bila aliyekuandikia kujua.

Kama unatumia mashine ya kupumulia usiku, au unavaa miwani mizito, lizungumze mapema. Mipango ya dharura haifanywi ukiwa umefungwa plasta.

Hatua ya 4: Wiki mbili za mwanzo

Pua itaziba. Hilo ni la kawaida: ndani kuna uvimbe, damu iliyoganda na pengine vibao laini vya kushikilia ukuta wa kati. Plasta ngumu ya nje kwa kawaida hukaa takriban wiki moja. Lala chali, kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Mito iliyopangwa mpaka mgongoni ni bora kuliko mto mmoja mnene unaokunja shingo. Kwa kuwa utapumua kwa mdomo, weka maji karibu na kitanda na upake midomo mafuta.

Usipenge kamasi. Kwa wiki 2 angalau, na zaidi ikiwa daktari amesema hivyo, futa tu kinachotoka nje. Chafya ikija, iachie kwa mdomo ulio wazi. Ukibana pua, presha yote inarudi kwenye mishono. Usiiname kuokota vitu wala kunyanyua vizito, na ukienda haja kubwa usijikakamue (dawa za maumivu zenye nguvu hufunga choo, kwa hiyo kunywa maji na kula vyenye nyuzinyuzi tangu siku ya kwanza). Kutembea polepole ndani ya nyumba ni dawa, kwani hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe mashavuni, si juu ya plasta.

Damu ikitoka kwa matone, kaa wima, inamisha kichwa mbele kidogo, tema inayoingia kooni. Usisokomeze pamba ndani wala kubana mfupa. Ikiendelea kutiririka kwa dakika 15, nenda hospitali.

Usisubiri kesho ukiona mojawapo ya haya:

- Pua kuziba ghafla pande zote, maumivu yakizidi badala ya kupungua, na uvimbe laini wa rangi ya zambarau au nyekundu kwenye ukuta wa kati. Huenda damu imekusanyika ndani ya ukuta huo. Gegedu halina mishipa yake ya damu, hulishwa na utando unaolifunika. Damu ikilitenga na utando, linaweza kuanza kufa ndani ya siku 3 hivi. Damu hiyo inahitaji kutolewa na daktari siku hiyohiyo.
- Homa kali ya ghafla, vipele vyekundu mwilini, kutapika na kizunguzungu, hasa kukiwa bado na pamba au vibao puani.
- Maji maangavu mepesi yanayochuruzika upande mmoja ukiinama, yenye ladha ya chumvi, pamoja na kuumwa kichwa. Hutokea kwa nadra, lakini yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo.
- Usaha, harufu mbaya, au wekundu unaosambaa usoni.
- Kuona maluweluwe, kifua kubana, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Hatua ya 5: Maji ya chumvi, kila siku, kwa usafi

Ukinipa nafasi ya kutaja kazi moja tu ya nyumbani yenye faida, nitataja hii. Magamba yakikauka ndani huziba njia, huficha uchafu na huweza kugandisha nyama ya pembeni na ukuta wa kati. Zikishikana hivyo, kovu hilo hukatwa hospitali.

Siku za mwanzo tumia mnyunyizo mwepesi tu. Kusafisha kwa chupa ya maji mengi kunangoja ruhusa ya daktari. Ukitengeneza mwenyewe, lita moja ya maji inahitaji gramu 9 za chumvi, takriban kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini, kikiwa kimesawazishwa. Tumia chumvi isiyotiwa madini joto, na ukiweza ongeza nusu kijiko cha magadi ya kuokea mikate (baking soda) ili isichome. Maji lazima yachemke kwa dakika 1 kamili, au dakika 3 ukiwa kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000 hivi, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Maji ya bomba yasiyochemshwa yanaweza kuwa na amiba ambaye hana madhara tumboni lakini akipitia puani huweza kufika kwenye ubongo na kuua. Andaa ya siku hiyo tu, na chupa uioshe na kuikausha.

Simama mbele ya sinki, inama kidogo, fungua mdomo, elekeza ncha kwenye kona ya nje ya jicho la upande huohuo, si kwenye ukuta wa kati. Maji yakishatoka, subiri dakika kadhaa, paka mafuta au marhamu uliyopewa mlangoni mwa tundu kwa ncha ya kidole kisafi. Gamba lililoshika usilivute. Kesho litakuwa limelainika.

Dawa za kuzibua pua kwa haraka, zenye oksimetazolini au ksilometazolini, zisizidi siku 3. Ukizizoea, pua huvimba kila zinapoisha nguvu, na utaamini upasuaji umeharibika kumbe ni chupa. Vivyo hivyo dawa za mentholi: zinaamsha hisia ya ubaridi, pua inaonekana imefunguka, lakini njia haijapanuka hata kidogo.

Hatua ya 6: Miezi ya kungoja

Vibao vikitolewa utapumua vizuri siku hiyo, kisha siku zinazofuata pua huziba tena. Usihofu. Uvimbe wa ndani hupungua sana kati ya wiki ya 4 na ya 6, na ule wa ncha unaweza kuchukua mwaka mzima, zaidi kwa wenye ngozi nene. Harufu hupungua kwa muda kisha kwa walio wengi hurudi. Moyo kushuka wiki za mwanzo nako ni kawaida. Uso umevimba, usingizi ni mbovu, na kila mtu ana la kusema. Punguza kujipiga picha.

Kama mifupa ilikatwa, miwani isikae mgongoni mwa pua kwa wiki 4 hadi 6. Mazoezi mazito yarudi baada ya wiki 3 au 4, na michezo ya kugongana isifikiriwe kabla ya wiki 6. Madaktari wengi hutaka miezi zaidi. Dawa ya mzio ya kupuliza ianze tena daktari akiruhusu. Ipulizie tundu la kulia kwa mkono wa kushoto, la kushoto kwa mkono wa kulia, ili isilenge ukuta wa kati, ambao ukichokozwa kila siku hutoa damu.

Hatua ya 7: Pima tena, na utofautishe

Jaza dodoso lilelile mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Sasa una namba za kulinganisha. Alama iliyotoka 45 hadi 20 inasema kitu, na iliyotoka 15 hadi 60 inasema kingine, hata kama kila anayekuona anasifu.

Kuziba kunakobadilishana pande kila baada ya saa kadhaa ni mzunguko wa kawaida wa pua, hata pua isiyoguswa hufanya hivyo. Ukilala ubavu, tundu la chini huziba zaidi. Lakini upande uleule mmoja, mchana na usiku, mwezi baada ya mwezi, hilo ni suala la umbo: ukuta uliopinda, kovu, au vali iliyobana. Sauti ya filimbi unapopumua, pamoja na magamba na damu kidogo, huashiria tundu kwenye ukuta wa kati.

Baada ya mwezi wa 3, daktari akikubali, weka vidole viwili shavuni kando ya pua, vuta taratibu kuelekea sikioni, kisha pumua. Njia ikifunguka wazi, vali inashukiwa. Kipimo hiki si cha kuaminiwa peke yake, kwani hata pua nzima hufunguka kidogo ikivutwa. Utepe unaobandikwa juu ya pua wakati wa kulala hutoa dalili hiyohiyo, na kwa baadhi ya watu huwa ndio tiba inayowatosha.

Hatua ya 8: Pumzi isiporudi

Usikimbilie kisu cha pili. Kwa kawaida upasuaji wa marudio husubiri angalau miezi 12, kwa sababu kovu bichi hudanganya na hutoa damu. Kwanza itibiwe mzio, yaondolewe magamba, vikatwe vishikizo vya kovu kama vipo. Vali iliyobana huweza kujengwa upya kwa gegedu la ukuta wa kati; likiwa limekwisha, huchukuliwa la sikio au la ubavu. Huo ni upasuaji mgumu kuliko wa kwanza, kwa hiyo tafuta aliyebobea katika marudio, anayeangalia pumzi na sura pamoja.

Kuna na hali nyingine inayohitaji ujasiri kuisema. Ikiwa dodoso linaonyesha unapumua vizuri, lakini unatumia saa nyingi kila siku kwenye kioo ukitafuta kasoro wasiyoiona wengine, upasuaji mwingine hautakutuliza. Mtaalamu wa afya ya akili anaweza kukusaidia, na daktari wa pua mwenye busara atakuelekeza kwake bila kukudharau.

Kabla ya kwenda kwa daktari mpya, omba nakala ya ripoti ya upasuaji hospitali ulikofanyiwa: nini kilikatwa, nini kilipandikizwa, na kilitoka wapi. Ichukue pamoja na alama zako za dodoso na ile video ya kabla. Ni vyema kuiomba mapema, wiki chache baada ya upasuaji, hata kama huna tatizo lolote, kwani baada ya miaka kumbukumbu hizo huwa hazipatikani kirahisi.